Chokaa ya Harehills

Jumamosi, 15 Aprili 2023

Saa tisa na nusu usiku nimeshuka kupasha moto uji wa daku, nikakuta plasta imedondoka. Kipande cha ukubwa wa sinia kimelala sakafuni chini ya dirisha la sebuleni, na ukuta uliobaki wazi umeiva kwa maji. Nimeweka kiganja. Baridi, utelezi, mithili ya tumbo la samaki.

Miaka miwili tu iliyopita tulilipa kampuni ije kumaliza unyevu huu. Walitoboa matundu chini ya ukuta wakadunga dawa, wakapiga lipu ya saruji ndani, wakajaza saruji baina ya matofali nje, wakatuachia karatasi ya dhamana. Leo mchana nimepiga namba iliyo kwenye karatasi ile. Haipatikani. Mke wangu amesema nisiharibu swaumu kwa hasira, na amesema kweli.

Naandika haya ili nikumbuke kila hatua. Nyumba yetu ni ndogo: sebule na jiko jembamba, chumba kimoja na choo juu yake, dari yenye kidirisha cha paani, na sela ya makaa chini ya ardhi. Nyuma hakuna dirisha hata moja, maana nyuma yetu kuna nyumba ya mtu mwingine inayotazama mtaa mwingine, nasi tumegawana naye ukuta. Watu wa Leeds huziita nyumba za mgongo kwa mgongo. Kulia jirani, kushoto jirani, nyuma jirani. Ukuta unaogusa mvua ni mmoja tu, wa mbele, nao ndio unaolia.

Ijumaa, 21 Aprili. Idi

Baada ya swala nimempigia mjomba, Unguja. Maisha yake yote ameyamaliza katika kuta za Mji Mkongwe, na ingawa macho yamechoka, akili yake iko pale pale. Tumepeana mkono wa Idi, nikamweleza.

“Umepakwa nini ukuta huo?”

“Saruji, mjomba. Ndani na nje.”

“Na wenyewe ulijengwa kwa nini?”

Sikuwa na jibu. Akanyamaza kidogo. “Kaukune, mwanangu. Ukikuta kitu cheupe kinachokatika kwa ukucha, hiyo ni chokaa. Na kama ni chokaa, basi hao wamemziba mtu pua na mdomo, kisha wakamwambia avute pumzi.”

Akanieleza taratibu, nami nikamsikiliza nikiwa nimesimama uani mwa msikiti na kanzu yangu. Ukuta wa zamani hauzuii maji. Huyapokea kidogo mvua ikinyesha na kuyarudisha jua likitoka au upepo ukivuma. Njia ya kurudi ni chokaa iliyo kwenye viungo, kwa kuwa ni laini kuliko tofali na ina vitundu. Ukiifunika kwa saruji, maji yanaingia kwenye nyufa zake ndogo na hayaoni pa kutokea. Yanahamia kwenye tofali lenyewe, halafu ndani ya chumba. Dawa waliyodunga hao mafundi haikuwa na la kufanya hapo.

Nimeyaona haya tangu nikiwa mtoto bila ya kuyaelewa: nyumba za mawe za kwetu zilizopigwa saruji, lipu ikibanduka kwa mapande na kuondoka na mawe yake, vichwa vya boriti za mikoko vikioza ndani ya ukuta. Mjomba akanikumbusha tanuu ya chokaa: magogo yanapangwa duara, mawe ya matumbawe yanarundikwa juu, moto unawashwa, mawe yakishaiva yanamwagiwa maji yanavunjika kuwa unga, kisha chokaa inalazwa shimoni na kusahauliwa kwa miezi. Hakulitaja jumba la Beit-al-Ajaib la Mji Mkongwe, nami sikuligusa. Kuanguka kwa sehemu yake siku ya Krismasi ya 2020 bado kunamuuma.

Jumapili, 30 Aprili

Tindo, nyundo ndogo na miwani ya kukinga macho. Jirani wa upande wa pili wa barabara aliniletea grinda. Nimemshukuru nikaiacha, kwa sababu ikiteleza mara moja tu inakula kingo za matofali, na kingo hizo hazirudi.

Saruji imetoka kwa shida, na mahali pengine imetoka na uso wa tofali. Nimehesabu matofali kumi na moja yaliyokwisha kuvuliwa nyuso. Sasa najua kwa nini: maji yanayonaswa ndani ya tofali yanaganda Januari, yanavimba, yanalipasua kutoka ndani. Tofali la miaka mia na zaidi limevumilia kila kipupwe, likaja kuvunjwa na dawa ya kulitengeneza.

Nyuma ya saruji, kwenye kina cha kidole kimoja, nikaikuta. Rangi ya kijivu, na ndani yake punje nyeusi za majivu ya makaa, na katikati yake kidonge cheupe cha ukubwa wa njugu. Nimekikwaruza kwa ukucha kikawa unga mkononi. Nimepiga picha nikamtumia mjomba. Amejibu kwa sauti, maneno mawili: “Ndiyo yenyewe.”

Nimekaa kwenye kizingiti nikiwa nimekishika kidonge kile. Nimevuka bahari kadhaa kuja kuishi ndani ya nyumba iliyojengwa kwa vitu alivyokuwa akivisaga babu yangu.

Jumamosi, 20 Mei

Bibi wa mlango wa pili alizaliwa mtaani hapa na amepita miaka themanini. Amenikuta nikisugua ngazi ya mlangoni akasimama na kikapu chake, akaniambia ninaisugua vibaya.

Mama yake, akasema, alikuwa akiisugua kila Ijumaa kwa kipande cha jiwe laini, kisha anapaka mstari mweupe au wa manjano kwenye ukingo. Jiwe hilo alilipata kwa mnunuzi wa vitambara aliyepita na mkokoteni: unampa nguo kuukuu, anakupa jiwe. Mwanamke aliyeiacha ngazi yake chafu alisemwa mtaa mzima. Mama huyo alikuwa mshonaji katika kiwanda cha Burton cha Hudson Road, kiwanda cha suti kilichokuwa na wafanyakazi wapatao 10,000 siku zake za neema. Jumatatu ilikuwa ya kufua, kamba zikivuka barabara kutoka nyumba hii hadi ile, na gari halikupita mpaka nguo zikauke.

Nikamwonyesha kulabu ya chuma niliyoikuta ukutani, imekandikwa saruji. Akaigusa. “Hiyo ndiyo yetu,” akasema. Ya kufungia kamba.

Nimelitazama tena jiwe la kizingiti baada ya yeye kuondoka. Limelika katikati, limeingia ndani kama kiti cha mbuzi ya nazi, kwa nyayo za watu waliokwenda zamu na kurudi. Fundi mmoja aliyekuja kunipa bei mwaka juzi alitaka kulifunika kwa vigae vya kung’aa. Leo naona aibu kwamba nilikaribia kukubali.

Usiku nimesoma habari za nyumba hizi. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku aina hii kwa sheria ya 1909, kwa sababu nyumba isiyo na dirisha la nyuma haipati upepo wa kupenya. Leeds ikaendelea kuzijenga kwa ramani zilizokwisha kupitishwa kabla ya hapo, hadi 1937. Nyingine nyingi zimebomolewa, lakini bado zimebaki zaidi ya 19,000 mjini humu. Birmingham imebakiwa na ua mmoja tu wa nyumba za namna hiyo, nao umekuwa makumbusho tangu 2004. Zetu watu wanapikia humo.

Jumapili, 11 Juni

Dirisha la sebuleni ni la plastiki, liliwekwa na mwenye nyumba wa zamani. La chumbani ni la asili, na leo nimelifungua kifua.

Ni fremu mbili za mbao zinazopishana, moja inapanda na nyingine inashuka. Pembeni kuna kibao kidogo kinachochomolewa, na nyuma yake, gizani, kinaning’inia chuma kizito chenye umbo la soseji, kimefungwa kamba inayopita juu ya kapi. Chuma kinashuka, dirisha linapanda. Kapi lile lile la jahazi. Kamba ya upande wa kushoto ilikuwa imekatika ndiyo maana dirisha limekwama tangu tulipohamia. Nyuma ya kibao fundi seremala ameandika 7 kwa penseli. Penseli ile haijafutika.

Mbao ni msonobari wa zamani, mistari yake imebanana kiasi kwamba nimeshindwa kuihesabu kwa macho matupu. Mti uliokua polepole namna hiyo huupati dukani siku hizi. Palipooza ni pa urefu wa kiganja tu, chini, ambapo maji hutuama. Nimekata nikaunga kipande kipya. Kioo kimoja kina mawimbi, ukitikisa kichwa nyumba ya ng’ambo inacheza. Nimekirudisha kwa uangalifu kuliko vyote.

Rangi sikuipiga msasa. Rangi za zamani huwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Nimeikwangua ikiwa imeloweshwa, binti yangu nikampeleka kwa shangazi yake siku nzima.

Jioni dirisha limepanda kwa kidole kimoja. Nikafungua juu kidogo na chini kidogo, na hapo nikaelewa lililofanywa. Hewa ya moto ikatokea juu, ya baridi ikaingilia chini. Katika nyumba isiyo na dirisha la nyuma, hiyo ndiyo pumzi yake, pamoja na dohani. Na dohani yetu imezibwa kwa mbao! Nimeibandua mbao hiyo baada ya isha, nikakuta meko ya chuma bado imo ndani, imejaa masizi na mifupa ya ndege. Kumbe tuliziba mdomo, tukaziba pua, kisha tukanunua mashine ya umeme ya kukaushia hewa.

Jumamosi, 24 Juni

Siku ya chokaa. Joto la mwezi huu halina mfano hapa, nami kwa hofu ya jua nimeanza saa kumi na moja asubuhi, upande wa mbele ukiwa kivulini.

Matofali manane kati ya yale kumi na moja tumeyachomoa na kuyageuza, mgongo ukaja mbele, na mgongo ulikuwa mzima. Matatu yalivunjika, nikanunua ya zamani kwenye ghala la vifaa vya majengo yaliyobomolewa. Chokaa nimechanganya kipimo kimoja kwa mchanga mkali vipimo vitatu, maji kidogo, nikauacha mchanganyiko upumzike. Kabla ya kujaza nimenyunyizia viungo maji, maana tofali kavu hufyonza maji ya chokaa kabla haijashika, ikageuka vumbi. Kujaza ni kusukuma kwa mwiko mwembamba, kidogo kidogo, bila ya kupaka juu ya nyuso za matofali. Ikianza kukaza unaipigapiga kwa brashi ngumu ili vitundu vyake vibaki wazi.

Mjomba alikuwa kwenye simu, nimeisimamisha juu ya ndoo. Alinikemea mara mbili kwa haraka zangu. Mara ya tatu alisema “hapo sasa,” na moyo wangu ukatulia.

Tumefunika ukuta kwa magunia yaliyoloweshwa. Kwetu ni makuti na magunia, hapa magunia peke yake. Kazi hii haifanywi kwenye baridi ya chini ya nyuzi tano, na chokaa mbichi ikipigwa na barafu inakufa. Binti yangu ana zamu ya kuyamwagia maji asubuhi na jioni.

Jumatatu, 26 Juni

Nimetoka zamu saa tano usiku, nimeendesha basi mchana kutwa, na bado nimesimama mbele ya nyumba na tochi kuangalia magunia. Yamo maji. Amekumbuka.

Jumapili, 16 Julai

Tumepanda treni kwenda Saltaire, mwendo mfupi kutoka Leeds. Mvua.

Titus Salt alikuwa tajiri wa sufu wa Bradford. Alifungua kiwanda chake kando ya mto Aire mwaka 1853, siku alipotimiza miaka 50, akakijengea kijiji: nyumba zaidi ya 800 za mawe, kanisa, hospitali, skuli, nyumba za wazee. Mitaa ameipa majina ya mkewe Caroline na watoto wake, na miwili ameipa majina ya wachoraji ramani wake, Lockwood na Mawson. Kiwanda kilifungwa 1986. Sasa ndani yake zimo picha za David Hockney. Mwaka 2001 UNESCO ikakiingiza kijiji kizima kwenye orodha ya urithi wa dunia, mwaka mmoja tu baada ya Mji Mkongwe wetu.

Nimetembea nikitazama madirisha na milango. Mtaa mzima vigae vya jiwe la Wales, dohani zimesimama kwa safu, na karibu kila mlango ni wa mbao. Nyumba hizo zimesajiliwa kisheria, mwenye nyumba haruhusiwi kung’oa dirisha bila ya kibali. Zimenipendeza sana. Mke wangu ameniuliza mbona nimenuna.

Nilichokuwa nikiwaza ni hiki. Saltaire imelindwa kwa sababu tajiri aliyeijenga ana jina. Mtaa wetu ulijengwa na makandarasi wadogo wadogo, vitalu vichache vichache, na waliokaa humo ni washonaji na waashi, na baada yao Wairishi, Wakaribi, Wapakistani, na sasa sisi. Hakuna sheria inayonizuia kuharibu chochote. Basi ulinzi wa nyumba kama yetu umo mikononi mwa anayeikalia, na huyo mara nyingi hana fedha wala hana wa kumwambia. Wangekuwepo hata mafundi wawili wa halmashauri wa kupita mitaani na kusema “hapa chokaa, si saruji,” tungeokoa matofali maelfu.

Jumamosi, 19 Agosti

Arusi Liverpool. Asubuhi kabla ya shughuli nimekwenda kuiona mitaa ya Toxteth waiitayo ya Wales, iliyopewa majina ya huko kama Madryn na Voelas. Serikali ilianzisha mpango wa kubomoa mwaka 2002, wenyeji wakahamishwa, milango ikapigwa mabati, na nyumba zikakaa tupu miaka mingi. Ringo Starr wa Beatles alizaliwa katika mojawapo, 9 Madryn Street, na pengine hilo ndilo lililozifanya zisikike. Mwaka 2015 waziri alikataa ubomoaji. Leo nimeona mapazia na baiskeli, nimesikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa.

Ndani nyingine zimeunganishwa mbili kuwa moja. Mtu wa kihafidhina atalalamika. Mimi sioni kosa. Ngozi ya nje imebaki, ukuta umebaki, na watu wamerudi. Sitaki nyumba ya mfanyakazi irejeshwe kwenye choo cha uani na maji ya ndoo. Bibi jirani amenieleza choo kile, hakina cha kutamaniwa.

Jumatano, 13 Septemba

Amekuja kijana mwenye kishikwambi anayezunguka mtaani kuwapa watu mpango wa kuvisha nyumba kwa nje: mbao za povu zenye unene wa kiganja, juu yake lipu ya rangi ya maziwa. Bibi jirani ana baridi na pensheni ndogo; sina haki ya kumwambia akatae joto. Lakini nimemwomba kijana aeleze maji yaliyomo ukutani leo yatakwenda wapi baada ya kuvishwa povu. Aliangalia kishikwambi chake.

Nimemwambia bibi aanze na dari, ndiko joto linakokimbilia. Aweke mapazia mazito, na brashi za kuzuia upepo kwenye madirisha. Akitaka kuvisha ukuta, uvishwe kwa ndani kwa mbao za nyuzi za miti na lipu ya chokaa, zinazopitisha mvuke. Ni ghali zaidi, na hilo ndilo tatizo lenyewe: msaada wa serikali unalipia povu kwa urahisi kuliko chokaa. Jumamosi mimi mwenyewe nitapanda darini kwake.

Sebuleni kwetu lipu mpya ya chokaa imemalizika. Nyumba inanukia mvua ya kwanza.

Jumapili, 22 Oktoba

Dhoruba waliyoipa jina Babet imenyesha tangu Alhamisi. Ijumaa niliendesha basi katikati ya madimbwi yaliyofika rimu za magurudumu, nikiwaza ukuta wangu tu.

Leo baada ya alfajiri nimewasha taa, nikapiga magoti chini ya dirisha la sebuleni, nikaweka kiganja pale pale ilipodondoka plasta. Nje tofali limekoza rangi kwa maji. Ndani pakavu. Nimempitisha mke wangu mkono, nimemwita binti yangu naye akaugusa, akaweka na shavu.

Binti yangu, huenda wewe ndiye utakayekuja kulisoma daftari hili. Selani, nyuma ya ngazi, kuna ndoo ya chokaa ya rojo imefunikwa kwa maji. Haiharibiki maadamu maji hayakauki na baridi haiigandishi. Kila baada ya miezi michache iongezee maji. Ukiona kiungo kimelika ukutani, tumia hiyo, na saruji usiikubali hata ukipewa bure.

Kulabu ya kamba iache ilipo.